Uliza Kilichomo Chunguni Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Leo barua za mapenzi na za mawifi zitasubiri. Nimechagua barua ya mdogo wetu anayeishi Houston, kule Texas, kwa sababu jambo lake ni la uhai, na najua wengine wenu mlioko ughaibuni mnapanga likizo za meli za kitalii mkiwa na watoto na wazee. Ameandika hivi:

"Dada, shikamoo. Mwezi wa saba tunasafiri familia nzima kwa meli inayotoka Galveston, siku saba, tukipita Roatán na Cozumel. Furaha ipo, ila usingizi sina. Kijana wangu wa miaka saba ana mzio mkali wa karanga. Mwaka juzi alivimba midomo, pumzi ikamkata, tukamkimbiza hospitali. Mama mkwe wangu ana kisukari na presha. Sote ni Waislamu, nyama isiyochinjwa kwa sharia hatuli. Mume wangu anasema melini kuna chakula cha kila namna, hatutakosa cha kula, na nisiwasumbue watu kwa maswali. Je, natia chumvi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hutii chumvi hata chembe. Mama aliyemwona mwanawe akikosa pumzi ana haki ya kuuliza maswali mia, na mimi dada yako nitakusaidia kuyapanga.

Shemeji amesema kweli kwamba chakula ni kingi. Meli kubwa zinazotoka Galveston hubeba abiria zaidi ya 5,000, na majiko yake hayalali. Lakini wingi wa chakula si usalama wa chakula. Penye masufuria mengi ndipo miiko huchanganyika, na mpishi anayepikia maelfu hana namna ya kujua kwamba mezani ameketi mtoto asiyepaswa kugusa karanga, mpaka aambiwe.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Wengi wetu tumelelewa kwamba mgeni hachagui, anakula alichoandaliwa na kushukuru. Kuuliza "humu mmetia nini?" mbele ya mwenyeji ni kukosa adabu. Ni malezi mazuri, nami nayaheshimu nikiwa nyumbani kwa shangazi. Mezani kwa mpishi asiyekujua, haya hiyo inaweza kumgharimu mtoto maisha. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzio nao ni maradhi, usifichwe kwa ajili ya ustaarabu.

Kwanza jueni mnachokwepa, na kwa nini

Familia yako ina mahitaji matatu, na kila moja lina uzito wake. Mtoto ana mzio: kinga ya mwili wake huichukulia protini ya karanga kama adui, na chembe ndogo inaweza kufunga njia ya hewa kwa dakika chache. Bibi ana ugonjwa unaotaka kipimo: anaweza kula vingi, ila kwa kiasi na kwa saa zake. Nyote mna mwiko wa imani, ambao hauhitaji kujadiliwa na mtu, unahitaji kuheshimiwa.

Nawagusa pia wale ambao maziwa huwajaza tumbo gesi na kuwaharisha. Mara nyingi huo si mzio, ni mwili kushindwa kumeng'enya sukari iliyomo ndani ya maziwa, na watu wengi wa asili ya Afrika tunayo hali hiyo. Inasumbua lakini haizibi koo. Mwambie mhudumu ukweli ulivyo, ili akisikia "mzio" ajue ni jambo la kusafisha meza, kubadilisha vyombo na kumwita msimamizi.

Wiki nyingi kabla ya safari

Bahari haina duka. Kilichopakiwa bandarini ndicho mtakachokula, na maziwa ya mbadala au mkate usio na ngano visipopakiwa Galveston, hakuna wa kutumwa sokoni. Kwa hiyo neno lako la kwanza linapaswa kufika kabla shehena haijaagizwa. Kampuni nyingi zina fomu ya mahitaji maalumu, na nyingine hutaka taarifa wiki nyingi kabla ya kuondoka. Wewe usingoje tarehe ya mwisho. Piga simu wiki hii, kisha tuma barua pepe ukirudia yote mliyozungumza, uombe wakujibu kwa maandishi. Hilo jibu lichapishe ulibebe.

Uliza hivi: Je, jikoni kuna sehemu na vyombo vya kuandalia chakula cha mwenye mzio? Je, karanga hutumika kwenye vitindamlo vya kila siku? Je, nyama ya halali ipo, na imethibitishwa na nani? Je, nani kwenye klabu ya watoto ya meli anaweza kumchoma mwanangu sindano yake ya dharura ya adrenalini? Hili la mwisho usiliruke. Sera hutofautiana sana, na zipo sehemu ambazo wahudumu wa watoto hawaruhusiwi kutoa dawa yoyote. Ikiwa ndivyo, mtoto atacheza pale ambapo mmoja wenu yupo karibu.

Wakikujibu juujuu, au wakikataa kuandika walichokuambia kwa mdomo, hilo nalo ni jibu. Badilisheni meli, hata kama kuna pesa itapotea.

Msiitegemee sheria iwafanyie kazi hii. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kutaja vyakula vinane vinavyoleta mzio kwenye vifungashio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kaa na kamba, karanga, kokwa kama lozi na korosho, ngano na soya. Sheria ya mwaka 2021 ikaongeza ufuta, ikaanza kutekelezwa Januari 2023. Ulaya wao hutaja 14, wakiwemo haradali na jamii ya chaza. Lakini sheria ya Marekani inahusu pakiti yenye lebo, haihusu sahani unayopakuliwa mezani. Tena meli nyingi za kitalii hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta. Usiingie ukidhani kadi iliyowekwa mbele ya chakula ina nguvu ileile ya lebo unayoisoma dukani Houston.

Hata lebo yenyewe imegharimu maisha ya watu. Mwaka 2016 binti wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikula mkate uliojazwa mboga kabla ya kuruka kutoka London kwenda Nice. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, na lebo haikuutaja. Alifariki siku hiyohiyo. Kifo chake ndicho kilicholeta sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza Oktoba 2021, inayolazimisha vyakula vinavyofungwa dukani hapohapo vitaje viungo vyote. Kwa hiyo, wanangu, jicho peke yake halitoshi. Uliza hata kilichokandwa ndani.

Siku ya kufungasha

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Hili nalisisitiza kwa sababu masanduku huchukuliwa bandarini na kufikishwa vyumbani baada ya saa kadhaa, na saa hizo ndizo watoto wanakula cha kwanza melini.

Sindano za adrenalini ziwe mbili au zaidi, kwa sababu moja huenda isitoshe. Angalia tarehe ya kuisha. Angalia pia uzito wa kijana, maana dozi hufuata kilo: sindano ya kawaida ya watoto ni ya miligramu 0.15, na wanaofikisha kilo 30 hupewa ya 0.3. Watoto hukua haraka, mpeleke kwa daktari apimwe upya na uandikiwe mpango wa dharura wa ukurasa mmoja. Sindano hizo hazitaki friji wala jua. Zikae kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 25.

Bibi kama anatumia insulini, chupa zisizofunguliwa hutaka nyuzi 2 hadi 8. Vijifriji vya vyumbani mara nyingi hupoza soda tu, havifikii baridi hiyo, basi omba mapema friji ya dawa na chombo cha kutupia sindano zilizotumika.

Najua umeshafikiria kubeba kapu lako: jiko dogo la umeme la wali, pilau iliyogandishwa, sambusa. Acha. Vifaa vyenye moto haviruhusiwi vyumbani kwa hofu ya kuungua meli, na meli nyingi hukataa chakula kilichopikwa nyumbani. Kwa kawaida hupokea vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani: biskuti anazozila mtoto, nafaka yake ya asubuhi, tende. Beba vya kutosha siku zote saba na akiba ya siku moja.

Ongeza vitambaa vya kufutia vyenye unyevu. Dawa ya mikono ya jeli huua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga. Maji na sabuni ndivyo vinavyoondoa, au vitambaa hivyo. Meza, mikono ya kiti na mikono ya mtoto vifutwe kabla ya kula.

Mwisho, bima ya safari inayolipia matibabu baharini na kuhamishwa mgonjwa. Zahanati ya meli hutoza, na bima nyingi za nyumbani hazifiki huko. Soma kipengele cha maradhi mliyokuwa nayo kabla ya kukata bima, kwa maana mzio wa mtoto na kisukari cha bibi vyote vimo humo.

Siku ya kwanza melini

Abiria wengi wakishapanda hukimbilia bafe. Nyinyi nendeni kwenye ukumbi mkuu wa kulia, muulizeni msimamizi wa wahudumu. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuzungumza na mpishi mkuu. Mwonyeshe ile barua iliyochapishwa, mwambie mahitaji yote matatu kwa pamoja, na umuulize kama taarifa zenu zimemfikia. Usishangae akisema hazijamfika. Ndiyo sababu umebeba karatasi.

Mnapokata tiketi chagueni muda maalumu wa chakula cha jioni kila siku. Meza itakuwa ileile na mhudumu yuleyule, na kufikia siku ya tatu atakuwa anamjua kijana wako kwa jina. Wahudumu wengi wa meli hizi wanatoka Ufilipino, India na Indonesia, watu wakarimu wanaojivunia kazi yao. Mheshimu mhudumu wako, mshukuru, naye atakuwa mlinzi wa mwanao.

Kisha omba menyu ya kesho usiku wa leo. Ni utaratibu unaojulikana, na una sababu: sosi, supu na michuzi huandaliwa mapema kwa mafungu makubwa, na chumvi au karanga ikishaingia haitoki. Ukiagiza usiku, mpishi atatenga kipande cha samaki kabla hakijatiwa chochote.

Hata hivyo, kila mlo sema upya. Zamu hubadilika na binadamu husahau. Sahani ikifika, uliza tena kabla mtoto hajashika kijiko: "Hii ndiyo ya mtoto mwenye mzio wa karanga?" Sentensi moja, kwa tabasamu, kila mara.

Bafe na mitego yake

Kwa mtoto wako, bafe ningeifuta kabisa isipokuwa matunda yenye maganda mnayomenya wenyewe. Tatizo ni mikono yetu abiria: mtu anachukua keki ya karanga kwa koleo, analirudisha kwenye trei ya jirani. Kijiko cha aiskrimu huzama ndoo hadi ndoo. Mafuta yaliyokaanga kamba waliopakwa unga ndiyo yanayokaanga chipsi, kwa hiyo mwenye mzio wa kamba au asiyekula ngano hana chipsi salama hapo.

Karanga hujificha kwenye mchuzi wa mishikaki ya Kiindonesia, kwenye mchuzi wa mole wa Meksiko, kwenye keki na chokoleti. Wenye mizio mingine nao wasikilize: sosi ya soya kwa kawaida ina ngano, humusi ina ufuta, pesto mara nyingi ina korosho, na ile inayoitwa nyama ya kaa kwenye saladi huwa ni samaki aliyesagwa pamoja na unga na mayai.

Kuna mtego mmoja unaoihusu familia yako hasa. Nyama ya halali ikikosekana, mtaelekezwa kwenye mboga na vyakula vya Kihindi. Ni vitamu, lakini michuzi mingi mizito ya Kihindi hukolezwa kwa korosho au lozi iliyosagwa, na jiko linalosaga kokwa huenda linasaga na karanga. Ukitatua la halali peke yake unaweza kulikaribisha la mzio. Ndiyo maana nimesema mahitaji yenu yatajwe kwa pamoja, kila mara.

Kuhusu halali yenyewe, samaki na mayai vitawafaa, ila ulizeni kama samaki ametiwa mvinyo au amekaangwa pamoja na nyama ya nguruwe. Ulizeni kuhusu vipande vya nguruwe kwenye maharage na saladi, na jelatini kwenye vitindamlo. Baadhi ya meli huwa na milo ya Kiyahudi iliyofungwa na lakiri. Kama mnaweza kuila, muulizeni sheikh wenu kabla ya safari.

Mama mkwe

Bibi asiachwe akae pembeni ya sherehe na bakuli la majani. Aagize nyama au samaki wa kuchoma usiku uliotangulia, bila chumvi na sosi ikiwa kando. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na supu, jibini na nyama za kusindika za asubuhi huzimaliza haraka. Juisi na vile vinywaji vya rangi visivyo na pombe vimejaa sukari. Maji yamtoshe.

Saa za kula zikibadilika, dozi nazo zinaguswa, kwa hiyo daktari wake aulizwe kabla. Kwenye mkoba wake kiwe daima kitu kitamu cha haraka, kwa ajili ya sukari kushuka mnapotembea juani.

Mkishuka bandarini

Jiko la meli mnaliacha nyuma. Chakula kibichi na kilichopikwa kwa kawaida hakiruhusiwi kushushwa nchi kavu, ila biskuti zilizofungwa huruhusiwa. Shibisheni mtoto kabla. Bebeni kadi ya Kihispania inayoeleza mzio wake, na andikeni majina yote mawili ya karanga, cacahuate linalotumika Meksiko na maní linalotumika nchi nyingi nyingine. Sindano zishuke nanyi, ziwe kivulini, zisibaki kwenye basi lililofungwa madirisha.

Ikitokea

Mungu aepushe, lakini jifunzeni nyote, hata shemeji. Mtoto akivimba uso au ulimi, akikohoa na kukoroma kwa shida ya hewa, akitapika ghafla huku vipele vimemtoka, akilegea: sindano kwanza, kwenye paja upande wa nje, hata juu ya suruali. Dawa za kumeza za kutuliza muwasho hazifungui koo, usipoteze dakika nazo. Mlaze, miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, mketishe. Asisimame wala asitembezwe. Piga namba ya dharura ya meli, muisome kwenye simu ya chumba siku ya kwanza. Dakika 5 hadi 15 zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Akipona bado aende zahanati aangaliwe, kwani hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Katikati ya bahari msaada wa nje huwa mbali, kwa hiyo kusubiri "tuone kwanza" hakufai.

Ndugu nao

Mmesema ni familia nzima, basi keti nao kabla ya safari. Mama mkwe na mashangazi wasimwonjeshe "kidogo azoee". Tiba ya kumzoesha mtoto karanga ipo, lakini hutolewa na daktari bingwa kwa vipimo vyake, si kwa kijiko cha mtu melini. Binamu zake waelezwe kwamba hawagawani peremende. Na shemeji, kama unasoma hapa, naomba umsaidie mkeo. Akiuliza mara ya tano, uliza wewe ya sita, asionekane ni yeye peke yake mwenye hofu.

Kazi ya mwisho ni ya kijana mwenyewe. Ana miaka saba, anaweza. Kuanzia leo mfundisheni kusema kwa Kiingereza na Kiswahili: "Nina mzio wa karanga. Je, chakula hiki kinazo?" Afanye mazoezi nyumbani, mgahawani, kwa jirani, mpaka aitamke bila kuinamisha kichwa. Asipojibiwa wazi, asile, na kila mkubwa ampongeze kwa kukataa. Meli mtashuka baada ya siku saba, lakini mzio wa karanga mara nyingi haumwachi mtu hata akikua, na siku moja atakula mbali na macho yako. Mtoto anayejua kuuliza bila aibu ataishi na mzio wake kwa usalama mahali popote.

Nendeni salama, mrudi salama. Nawapenda,

Dada yenu.